Ipime Ingali Moto

Sahare, Tanga

Mpwa wangu Bakari,

  

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia. Ningeweza kukupigia, lakini mambo haya kwa simu husikika nusu, na nusu iliyobaki ndiyo humtia mtu hasara. Nakuandikia ili maneno haya uwe nayo ndani ya boti, ukikwama uyasome hukohuko.

Umenifurahisha kwa jambo moja: umenieleza tabia ya mashine, hukuniletea jina la ugonjwa. Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja, inakimbia vizuri ukitoka Nyamisati kuelekea Simba Uranga, huko kwenye delta ya Rufiji, halafu baada ya robo saa au dakika ishirini inalegea, boti inakaa matako, ukizungusha mkono mpaka mwisho haibadiliki. Ukizima ukapumzika inarudi, kisha inalegea tena mapema zaidi. Umeshabadilisha plagi. Fundi kaipeleka kwenye pipa, ikanguruma saa nzima bila tatizo, na sasa anataka hela ya koili kwa sababu, anavyosema, mashine inayochoka ikipata moto ni koili tu.

Huenda ni koili kweli. Ila hapo alipofikia hajapima kitu, amebuni. Dakika ishirini zinatosha kuipasha moto mashine ya HP 15, sawa. Dakika hizohizo zinatosha pia kulifanya tangi lianze kukosa hewa, au kuyafikisha kwenye kabureta maji yaliyokuwa yametulia chini ya tangi. Yote hayo hutokea mashine ikiwa moto, na baadhi yake hayana uhusiano wowote na moto. Ni muda tu umepita. Kazi yako ya kwanza ni kujua unashughulika na joto au na muda.

Anza na petroli, kwa sababu ndiko kwenye makosa mengi na ndiko kusiko na gharama. Mashine kama yako, ya kuchanganya oili, ikikimbia kwa nguvu zote inakunywa kiasi cha lita 7 kwa saa. Ndani ya dakika 20 imeshanyonya zaidi ya lita 2. Nafasi ya lita hizo ndani ya tangi lazima ijazwe na hewa, na hewa inapita kwenye kitundu kimoja tu, kile chenye skrubu juu ya kifuniko. Kikifungwa, au kikizibwa na chumvi na vumbi, tangi linakuwa kama chupa ya plastiki unayoinywea bila kuutoa mdomo: linabonyea, na mwisho halitoi kitu. Ukizima mashine, hewa inapenya kidogokidogo, tangi linapumua, mashine inawaka tena, nawe unadhani imepoa. Hapo ndipo koili nyingi nzima hutupwa.

Sasa elewa kwa nini pipa halikuonyesha kitu. Kwenye pipa mashine haina mzigo. Inanguruma kwa mafuta kidogo sana, huenda hata lita moja kwa saa haifiki, na kwa kiasi hicho hata kitundu kilichoziba nusu kinaitosha. Fundi wako amepima mashine iliyopumzika. Ugonjwa wako uko kwenye mashine inayofanya kazi, ikiwa moto, boti ikiwa na mzigo, na hapo ndipo pa kuupimia.

Kwa hiyo fanya hivi. Toka na mtu wa pili ashike usukani, mzigo uwe wa kawaida. Mashine ikianza kulegea, usizime wala usipunguze. Fungua kifuniko cha tangi chote. Ukisikia hewa ikivutwa kwa sauti, na mashine ikaamka, umemaliza kazi kwa shilingi sifuri; safisha kitundu kwa waya mwembamba na uwe unailegeza ile skrubu kabla ya kuondoka. Isipoamka, shika balbu ya kwenye mpira wa mafuta na uibonyeze mara kadhaa huku mashine ikiendelea. Hapa uwe makini, balbu inasema mengi kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Ukiikuta imebonyea, bapa, imenyonywa, basi kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: kitundu cha hewa, au chujio kule chini ya bomba la kunyonyea, ambalo hukusanya takataka za madumu. Ukiikuta laini tu, na ukiibonyeza mashine inapata nguvu kwa muda kisha inalegea tena ukiiacha, basi ama kuna mahali mpira unavuta hewa, ama pampu ya mafuta ya mashine imechoka. Mpira kuvuta hewa hutokea zaidi kwenye kichwa chake kinachochomekwa kwenye mashine. Kile kijipete cha mpira cha ndani kikikauka hakivuji petroli nje, kinaingiza hewa ndani, kwa hiyo huoni tone wala husikii harufu. Badilisha kijipete hicho, kaza vibano vyote, angalia pia kama mshale wa kwenye balbu unaelekea kwenye mashine. Usicheke. Nimeona mtu mzima na miaka yake amefunga balbu kinyume.

Pampu nayo ina ngozi nyembamba, mafundi wanaiita daiframu, inayosukumwa na upepo unaopanda na kushuka ndani ya mashine. Ikikakamaa au ikichanika kidogo, kwa mwendo wa polepole inatosheleza, ukiongeza mwendo inashindwa. Kwenye mashine nyingi ndogo ngozi hizo huuzwa na gasketi zake, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na koili.

Ikiwa balbu ni ngumu, imejaa, na kuibonyeza hakuleti tofauti yoyote, petroli inafika mpaka kwenye kabureta. Bado hujamaliza na petroli. Fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye kikombe cheupe au kipande cha chupa angavu, uangalie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama shanga. Huko kwenye delta, kwa madumu yanayolala wazi kwenye boti wakati wa masika, nisingeshangaa. Petroli ya dumu ipitishie kwenye kitambaa safi kilichobana au faneli yenye chujio, na lile tama la mwisho la kwenye dumu usilimimine kamwe.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Mashine ikiwa imelegea, vuta choki kidogo, nusu tu. Ikipata nguvu, mchanganyiko wake ulikuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, maana yake jeti ya kabureta imeziba au kuna gasketi inavuta hewa. Hilo ulichukulie kwa uzito hata kama mashine bado inakupeleka, kwa sababu katika mashine ya kuchanganya oili, oili husafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, pistoni inachoma kwa ukali na kukosa utelezi kwa wakati mmoja. Mashine ya namna hiyo haikai muda mrefu kabla ya kukamata.

Baada ya petroli, maji. Wewe uko mahali pabaya kwa pampu ya maji, nakuambia wazi. Rufiji inashusha tope na mchanga mwembamba, hasa mito ikijaa kati ya Machi na Mei, na kila unapokatisha kwenye maji machache wakati maji yametoka, mguu wa mashine unanyonya uji huo. Impela ya pampu hiyo ni ya mpira, mapezi yake yanasugua ndani ya kikombe cha chuma, na mchanga unavila vyote viwili. Mtu wa huku Tanga anayetembea kwenye maji ya kina huenda akakaa na impela moja mwaka mzima na zaidi. Wewe usingoje. Kila masika yakiisha fungua mguu uitazame. Mapezi yakiwa yamelala upande mmoja hayasimami tena, au ncha zimelika, weka mpya. Unapoirudisha, zungusha shafti upande ule inaozungukia mashine wakati unaisukuma ndani, ili mapezi yalale vizuri.

Wavuvi wengi wanaangalia maji yanayotemwa nyuma ya mashine na kuridhika. Yanasaidia, lakini yanadanganya pande zote mbili. Yakiwa membamba huenda ni chembe ya mchanga kwenye kitundu, au nyigu amejenga udongo wake humo boti ilipokaa ufukweni; chokoa kwa waya na uangalie tena. Yakiwa na nguvu pia si hakika kwamba mashine imepoa, kwa sababu kwenye mashine nyingine maji hayo hayajazunguka kichwani. Njia za kichwa cha silinda zinaweza kuwa zimejaa chumvi iliyoganda, na kama mashine yako ina thamostati inaweza kuwa imekwama imefunga. Kipimo changu ni hiki: mashine ikilegea, fungua boneti, lowesha kidole, dondosha maji juu ya kichwa cha silinda. Tone likichirizika na kukauka taratibu, joto ni la kawaida. Likiruka na kuchemka, zima mara moja. Usiendelee hata kidogo kwa kusema utafika karibu.

Nikueleze kwa nini mashine iliyozidi joto inakosa nguvu. Pistoni ni ya alumini, na silinda ambamo inateleza kwa kawaida ina kuta za chuma cha kusubu. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nafasi kati ya pistoni na ukuta, ambayo ilikuwa nyembamba kuliko unywele, inapungua. Pistoni inaanza kusugua, oili inasukumwa pembeni, na msuguano wenyewe unaongeza joto. Unachokisikia wewe ni mashine kuwa nzito. Ukiipunguza mwendo hapo, itapona. Ukiilazimisha, itakamata, na utakuwa umenunua silinda badala ya impela.

Sasa tufike kwenye koili ya fundi wako. Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake unaongezeka kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ikitoka nyuzi 30 za asubuhi mpaka 80, mita itaonyesha ongezeko la karibu moja ya tano, na hilo ni kawaida, asikutishe nalo. Koili mbovu ya kweli ni ile ambayo waya wake umekatika ndani mahali padogo kuliko macho yanavyoona: ikiwa baridi ncha zinagusana, ikitanuka zinaachana. Mita itaruka ghafla, haitapanda polepole. Na kumbuka koili ya kuchajia iko chini ya flaiwili, imefunikwa, haipati upepo. Hiyo hushukiwa mara chache na huharibika mara nyingi, wakati ile ya nje yenye waya za plagi ndiyo inayouzwa kwa sababu ndiyo inayofikika kwa spana moja.

Mashine yako ina silinda mbili. Moja ikikosa moto, haibaki na nusu ya nguvu, inabaki na chini ya hapo, kwa kuwa ile inayofanya kazi inaikokota iliyokufa. Utaisikia: inatetemeka, sauti imekuwa ya kupasuka, na boti haipandi juu ya maji. Ikikufanyia hivyo, zima hapohapo ikiwa kwenye mwendo, usiirudishe chini kwanza. Ngoja petroli iliyo hewani ipeperuke, kisha fungua plagi. Ikiwa moja ni kavu ya rangi ya kahawia na nyingine imelowa petroli, iliyolowa ndiyo silinda iliyokosa moto. Zote zikiwa kavu na za kahawia, koili si mshukiwa tena. Zikiwa nyeupe kama majivu, rudi kwenye petroli kidogo au joto kupita kiasi. Badilishanisha kofia za plagi kama waya zinaruhusu, na plagi zenyewe pia, uone ugonjwa unahamia wapi.

Kuangalia moto wenyewe kuna njia salama. Weka plagi mbili za zamani kwenye sanduku lako. Rudisha zile za mashine mahali pake uzikaze, matundu yawe yamezibwa yasitoe mvuke wa petroli, chomoa mpira wa mafuta, halafu chomeka plagi za zamani kwenye kofia za waya na uzifunge kwa waya mtupu zigusane vizuri na chuma cha mashine. Vuta kamba. Moto wa buluu unaolia ni mzima. Wa njano mwembamba, au usiokuwepo, ni mgonjwa. Usivute kamba kofia zikiwa zinaning'inia bila kugusa chuma, maana umeme usiopata njia ya kutokea unaweza kuua kisanduku cha CDI, kile kinachoendesha moto wa plagi, na hapo utakuwa na magonjwa mawili.

Kipimo hiki kifanye wakati huohuo mashine imelegea. Ukishazima, maji hayazunguki tena, joto la silinda linapanda kidogo kwa dakika chache kabla halijaanza kushuka. Kwa hiyo una nafasi. Ukienda kunywa chai ufukweni kwanza, koili itakuwa imepoa na itakupa moto mzuri kabisa wa buluu, na utarudi ulikoanza. Na kabla ya kufungua boneti katikati ya mlango wa mto, shusha nanga. Maji yakitoka kwenye delta wakati wa bamvua hayakungojei umalize kupima.

Kuna jambo umelitaja harakaharaka nikalishika: kwamba oili unanunua kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Acha. Oili ya mashine za majini imeandikwa TC-W3 kwenye kopo, na imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na maji. Mashine ya pikipiki inapozwa na upepo, inafanya kazi kwenye joto kubwa zaidi, na dawa zilizomo kwenye oili yake zinaacha majivu ambayo kwenye mashine yako yanajenga masizi magumu juu ya pistoni na kuzigandisha ringi. Ringi zilizoganda nazo hukosesha nguvu. Kipimo cha mchanganyiko kifuate kitabu cha mashine yako; kama kinasema 50 kwa 1, basi petroli lita 20 inataka oili mililita 400, pima kwa chupa yenye alama. Desturi ya kumimina kwa macho na kuongeza kidogo kwa ajili ya baraka inaziba plagi, na ya kupunguza kwa ajili ya bei ndiyo inayoua pistoni.

Mengine nayapitia tu. Kama mashine inaongeza mlio lakini boti haiongezi mwendo, hiyo si kukosa nguvu: mpira ulio ndani ya kitovu cha pangaboi unateleza. Piga mstari wa rangi kuanzia kitovu mpaka kwenye pangaboi. Ukirudi mistari imeachana, umeshapata jibu. Angalia chaza na mwani chini ya boti, na maji yaliyojikusanya tumboni. Boti iliyobeba lita 100 za maji bila wewe kujua italegea hata kwa mashine mpya. Na vipimo vyote vikishindikana, mpate mtu mwenye geji apime mgandamizo wa silinda zote mbili, mara moja zikiwa baridi na mara moja zikiwa moto. Zikitofautiana sana, au moja ikaanguka ikipata joto, hapo ni ringi au gasketi ya kichwa, na kazi hiyo ni ya karakana, usiifanyie juu ya mchanga.

Dhana yangu mimi, kwa jinsi inavyolegea taratibu bila kutetemeka na kurudi ikipumzika, ni petroli: kitundu cha hewa au pampu. Lakini dhana yangu isikutoshe, kama ya fundi wako isivyokutosha.

Kwa hiyo Jumamosi, au siku yoyote utakayotoka, beba spana ya plagi, plagi mbili za zamani, waya, kikombe cheupe, bisibisi, na makasia mawili pamoja na majaketi ya kuokolea. Ikilegea, nenda kwa mpangilio: kifuniko cha tangi, balbu, choki, tone la maji, plagi. Unirekodie ujumbe hukohuko, uniambie balbu ilikuwa bapa, laini au ngumu, tone lilichemka au halikuchemka, na plagi zilikuwa za rangi gani. Mpaka nipate majibu hayo, usimpe mtu yeyote hela ya koili.

Nisalimie mama yako.

Wasalaam,
Mjomba wako